Shomoro wa Tano



Leo tuanze na hesabu ya darasa la pili. Katika Mathayo 10:29 Bwana Yesu anataja bei ya shomoro: wawili kwa senti moja. Sasa fungua Luka 12:6. Hapo bei imebadilika: watano kwa senti mbili. Piga hesabu mwenyewe. Kama senti moja inanunua wawili, senti mbili zinanunua wanne. Huyu wa tano katoka wapi?

Aliyewahi kutumwa sokoni anajua jibu. Ni nyongeza. Unanunua mafungu mawili ya nyanya, unamwambia muuzaji, "Mama, niongezee," naye anaokota moja pembeni, mara nyingi ile iliyobonyea kidogo, anakutupia kwenye mfuko. Hiyo moja haina bei. Muuzaji haimuumi, na wewe ukifika nyumbani huikumbuki. Shomoro wa tano ndiye huyo. Wenzake wanne angalau wana thamani ya nusu senti kila mmoja. Yeye ni bure kabisa.

Na ni hapo hapo, baada ya kutaja bei hiyo, Yesu anasema kwamba hakuna hata mmoja wao aliyesahauliwa mbele ya Mungu. Hata mmoja. Maana yake hata yule wa nyongeza.

Nimeuchukua mstari huu kwa sababu tuko katika Kipindi cha Uumbaji, kinachoanza Septemba 1 na kuishia Oktoba 4, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Siku hiyo ya Septemba 1 Papa Fransisko aliifanya kuwa siku ya kuombea utunzaji wa uumbaji mwaka 2015, mwaka uleule alioandika Laudato Si'. Maparokiani kipindi hiki huwa tunakiadhimisha kwa kupanda miche, kupiga picha na miche, na kuirusha picha kwenye status. Mche wenyewe unaachwa uendelee na maisha yake, kama atapatikana wa kuumwagilia. Sisemi ni dhambi. Nasema tu kwamba ukiishi Tabora, somo hili ni zito kuliko picha.

Wengi mnasoma hapa mkiwa Dar, Mwanza, Mbeya, na Tabora mnaijua kwa asali na stesheni ya treni. Basi nieleze kidogo. Mji huu ulizaliwa na barabara. Kabla ya reli ya Wajerumani, misafara iliyotoka Bagamoyo ilitembea miezi mingi kwa miguu hadi hapa Unyanyembe, na kutoka hapa njia ziligawanyika: moja kwenda Ujiji na kuvuka Ziwa Tanganyika, nyingine kwenda kaskazini kwenye maziwa makuu. Burton na Speke walifika mwaka 1857. Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya mji, kwa miezi kadhaa mwaka 1872 akisubiri watu na mizigo. Wazungu hao vitabu vinawataja sana, lakini barabara ilibebwa na mabega ya wapagazi, Wanyamwezi wengi wao, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi.

Mzigo ulikuwa nini? Kwenda bara: vitambaa, shanga, nyaya za shaba, bunduki. Kurudi pwani: pembe za ndovu. Na watu.

Pembe zilivuka bahari zikawa vibao vya piano, mipira ya mchezo wa biliadi, vitana na vipini vya visu huko Ulaya na Marekani. Msichana alijifunza piano Boston, ndovu akaanguka Unyamwezi. Na ndovu walipopungua nchi ya karibu, wafanyabiashara hawakusema "tumemaliza, tupumzike." Walisogea mbele. Ndiyo maana kufikia miaka ya 1860 na 1870 misafara ilikuwa imeshavuka ziwa na kuingia Manyema, Kongo ya leo. Barabara ya bei haina breki. Inakula kilichopo, halafu inasonga.

Watu nao walitiwa bei. Kwenye barabara hiyohiyo mtoto wa mtu alipimwa kwa vitambaa. Wamisionari wa Afrika, ambao sisi tunawaita Mapadri Weupe, walipofika Tabora mwishoni mwa miaka ya 1870 na kukaa Kipalapala katika miaka ya 1880, moja ya kazi zao za kwanza ilikuwa kuwakomboa watoto watumwa na kuwalea. Fikiria utata wake: ili mtoto asiuzwe tena, ilibidi kwanza mtu amnunue. Mwaka 1888 mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, alizunguka miji ya Ulaya akipiga kelele dhidi ya biashara hiyo.

Sasa mtaniambia, frateri, hiyo ni historia. Hapana. Mwaka 2009 Tanzania ilihesabiwa kuwa na tembo takriban 109,000. Sensa ya mwaka 2014 ilikuta kama 43,000. Miaka mitano tu! Safari hii hakukuwa na wapagazi. Kulikuwa na magari, makontena na simu za mkononi. Serikali ilikaza, majangili wakakamatwa, idadi imeanza kupanda tena, na tumshukuru Mungu kwa hilo. Mwaka 2019 sehemu ya pori la Ugalla ikapandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Ni jambo jema sana.

Lakini angalia kitu. Tembo ana bei mara mbili: jangili anamtaka kwa pembe, mtalii anamlipia kumwona. Tembo ni mmoja wa wale shomoro wanne. Anaibwa kwa sababu ana bei, na analindwa, kwa sehemu kubwa, kwa sababu ana bei. Mimi swali langu ni la yule wa tano.

Na hapa nazungumza kama mtoto wa tumbaku. Nimezaliwa Urambo. Ada ya shule, sare, godoro nililobeba kwenda seminari ndogo, vyote vilitoka kwenye bani. Kwa wasiojua, bani ni kijumba cha kukaushia tumbaku ya mvuke: majani yananing'inizwa juu, chini unapita moto, na moto huo hautakiwi kuzimika, usiku na mchana, kwa siku kadhaa mfululizo hadi majani yawe na rangi inayotakiwa sokoni. Urambo ilifyekwa kwa pupa miaka ya mwisho ya 1940 kwa ajili ya mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza. Mradi ukafa mwaka 1951, karanga hazikuonekana, tumbaku ikachukua nafasi. Tangu hapo tunapika majani kwa miti.

Siku ya malipo, mzee anakaa na karatasi ya chama cha msingi. Mbolea imekatwa. Dawa imekatwa. Magunia na kamba, zimekatwa. Vibarua atawalipa mwenyewe. Kwenye kuni ataandika labda gharama ya kukata na mkokoteni wa kusomba. Mti wenyewe, je? Mti sifuri. Mtundu ulioota kabla babu yake hajazaliwa haumo kwenye karatasi kabisa. Umeingia kwenye biashara kama ile nyanya iliyobonyea. Nyongeza.

Na si mti peke yake. Miombo si "miti" tu kama tunavyosema, eti pori. Ukitoka nje wiki hizi utaona ajabu: hakuna tone la mvua, ardhi ngumu kama sakafu, na miombo inachipua majani mapya mekundu, kana kwamba imepata habari za mvua kabla yetu. Chini ya miti hiyo, mvua za kwanza zikinyesha, unatoka uyoga ambao mama zetu wanauuza barabarani kwenye masufuria. Uyoga mwingi wa aina hiyo hauwezi kuupanda shambani, kwa sababu unaishi kwa kushikamana na mizizi ya miombo: mti unaulisha uyoga sukari, uyoga unautafutia mti madini na maji kwenye udongo wetu huu maskini. Mti ukiondoka, uyoga unaondoka. Nyuki wanategemea maua ya miti hiyohiyo, na ndiyo sababu Chuo cha Ufugaji Nyuki kipo Tabora na si kwingine. (Nikiwa mkweli, mizinga yetu ya asili ya magome nayo huua mti unaobanduliwa gome kuzunguka shina. Mila si lazima iwe haina hatia kwa sababu ni mila.) Ongeza mbula, ntalali, matonga, matunda ya watoto wachunga ng'ombe. Ongeza ndege, vyura na wadudu ambao hata jina la Kiswahili hawana. Wote wanaingia kwenye tundu la bani bila kuandikwa.

Naupenda hasa mninga. Mche wake ukiota, kiangazi kinapofika shina hukauka au huungua, unaona umekufa. Lakini mzizi uko hai. Mwaka unaofuata unachipua tena, unakufa tena juu, na chini mzizi unanenepa. Unafanya hivyo miaka kadhaa, hadi siku mzizi una nguvu ya kutosha kurusha shina litakalostahimili moto. Malezi ya mninga ni marefu kuliko ya padri, na sisi tunalalamika kuhusu miaka ya seminari! Kisha anakuja mtu na msumeno, nusu saa.

Naomba mnivumilie kidogo. Miaka mitatu ya falsafa lazima itoke mahali. Immanuel Kant, mwaka 1785, aliweka tofauti ambayo kila mwanafunzi wa falsafa anaikariri: kuna kitu chenye bei, na kuna kitu chenye hadhi. Chenye bei unaweza kukibadilisha na kingine cha thamani hiyohiyo. Chenye hadhi hakina mbadala. Tofauti hii ni silaha nzuri dhidi ya ile barabara iliyopima watoto kwa vitambaa. Tatizo ni kwamba Kant hadhi alimpa binadamu tu, na vingine vyote akaviacha upande wa bei. Kanisa haliwezi kuishia hapo. Katekisimu (namba 339) inafundisha kwamba kila kiumbe kina wema wake chenyewe, na namba 2416 inasema wanyama humtukuza Mungu kwa kule kuwapo kwao tu. Kwa kuwapo, kabla ya kutufaa kitu.

Na miaka mia tano kabla ya Kant, Mtakatifu Thoma wa Akwino aliuliza kwa nini Mungu aliumba vitu vingi na tofauti badala ya kimoja kizuri sana. Jibu lake liko katika Summa, sehemu ya kwanza, swali la 47: kwa sababu kiumbe kimoja hakitoshi kuuonyesha wema wa Mungu. Kinachokosekana kwa kimoja kinatimizwa na kingine. Ukilichukua jibu hilo kwa uzito, aina ya kiumbe ikifutika duniani, kuna kitu kuhusu Mungu ambacho mwanao hataweza tena kukiona kwa macho. Sentensi hiyo ilininyima usingizi mwaka wa pili.

Nitoke Tabora kidogo, lakini nitoke na mtu aliyekaa Tabora. Livingstone, kabla ya kuja kukaa Kwihara, alikuwa akipita visiwa vya Komoro, visiwa vilivyotoka baharini kwa moto wa volkano kati ya Msumbiji na Madagaska. Ndugu zetu wa huko wanazungumza lugha iliyo dada wa Kiswahili. Kuna popo mkubwa mweusi aliyepewa jina lake, popo wa Livingstone, mabawa yake yakikunjuliwa yanafika karibu mita moja na nusu. Anaishi visiwa viwili tu duniani kote, Nzwani na Mwali, na wanakadiriwa kubaki takriban 1,300. Idadi hiyo inaingia kwenye kanisa kuu moja Jumapili ya Matawi.

Nani anamuua? Hakuna. Hawindwi, wala haliwi. Watu wa huko ni Waislamu na popo kwao si chakula. Pembe hana. Hana bei yoyote. Kinachomkosesha makazi ni misitu ya milimani kufyekwa kwa mashamba, na pia kwa kuni, na hapa nilipopasoma nilisimama. Nzwani wanalima mlangilangi, ule mti wa maua ya manukato. Maua hayo hupikwa kwa moto wa kuni ili kupata mafuta yanayopelekwa Ulaya kutengenezea marashi. Sisi tunachoma msitu ili mtu wa mbali avute sigara, wao wanachoma msitu ili mtu wa mbali anukie. Bani ni lilelile! Na popo, ambaye ndiye anayekula matunda ya msituni na kusambaza mbegu milimani, hayumo kwenye karatasi ya malipo. Mito mingi ya Nzwani iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa hukauka kiangazi. Shomoro wa tano alikuwa ameshika maji.

Huko kuna shirika la wenyeji linaitwa Dahari, lilianzishwa mwaka 2013. Kinachonivutia ni pa kuanzia: wanakaa na wakulima wenye mashamba karibu na miti wanayolala popo, wanazungumza mazao, maji na udongo, na ndani ya mazungumzo hayo mti wa popo unapata kubaki. Hawakuanza kwa kumtukana mkulima.

Hili nalisisitiza kwa sababu najua swali linalowawasha. Frateri, watu wana shida, wewe unahubiri popo? Baba yangu aache tumbaku tule nini? Ni swali halali, na Yesu mwenyewe hakulikwepa: katika mstari unaofuata, Luka 12:7, anasema wazi kwamba ninyi ni bora kuliko shomoro wengi. Binadamu kwanza. Anayekwambia mtoto na mche ni sawasawa hajasoma Injili. Ila kuwa bora kuliko shomoro si ruhusa ya kumsahau shomoro ambaye Mungu hakumsahau.

Torati ina sheria moja ndogo ambayo sijawahi kusikia ikihubiriwa. Kumbukumbu la Torati 22:6-7. Ukikuta kiota njiani, mama amelalia mayai au makinda, unaruhusiwa kuchukua makinda, lakini mama mwachie aende. Ona ilivyo ya busara. Haikukatazi kula. Musa anajua una njaa. Inakukataza kula chanzo. Na ahadi iliyofungwa kwenye sheria hiyo ni kufanikiwa na kuishi siku nyingi, ahadi ileile anayopewa anayewaheshimu baba na mama. Kiota na wazazi vimewekwa kwenye mzani mmoja.

Sasa ipeleke sheria hiyo Urambo, Kaliua, Sikonge, Uyui. Miombo ina mama: ni kisiki na mizizi. Ukikata mti wa miombo na kukiacha kisiki bila kukichoma moto kila mwaka na bila kuking'oa, kinachipua. Kwa hiyo kuna ukataji unaochukua makinda, na kuna ukataji unaochukua mama. Tunapong'oa visiki vyote, tukalima misimu michache hadi udongo ukachoka, kisha tukahamia pori lingine, hiyo ni ile barabara ya pembe kwenda Manyema. Tunakula, tunasonga. Kuna mabani yaliyoboreshwa yanayokula kuni kidogo zaidi. Kijana uliyesoma, kazi ya kumshawishi baba alijenge ni yako, na hakuna mwingine atakayesikilizwa mezani kama wewe. Wakulima wanaelekezwa kupanda mikaratusi, nayo ni heri kuliko kitu bure, maana kila gogo la mkaratusi linalochomwa ni mtundu mmoja uliobaki. Lakini safu ya mikaratusi si miombo, na mninga haujui kwamba imepandwa kwa niaba yake. Viwawa na TYCS wanaotaka mradi wa maana, wasitafute miche kwanza. Waombe parokia eneo lenye visiki, wazuie moto na mifugo miaka mitatu, waone nani anafufuka. Haitapendeza kwenye picha. Mwaka wa kwanza kutakuwa na vijiti tu.

Kuna jambo la mwisho, na ni dogo. Katika Mwanzo 2:19-20, kabla Adamu hajapewa mke, anapewa kazi ya kuvipa viumbe majina. Huwezi kuhesabu kilicho bila jina. Kwenye karatasi kitaandikwa "pori". Vijana wengi tunawataja wachezaji wa Simba na Yanga hadi wa akiba, na aina za simu kwa matoleo yake, lakini ukituweka nje ya kanisa na kutuambia tutaje miti kumi iliyopo tutakwama baada ya mwembe na mwarobaini, na yote miwili ililetwa, ule wa kwanza na misafara.

Basi zoezi la wiki hii ni hili. Mtafute bibi au babu, au mzee yeyote aliyewahi kufuata asali porini. Mchukue jioni, jua likipungua, mpite naye mahali penye miti akutajie majina kumi, na kila jina akwambie nani anakula hapo: nyuki gani, ndege gani, mdudu gani. Andika kwenye daftari, si kwenye simu, na uende nalo kwenye Jumuiya siku ya kusali. Akikupa jina la Kinyamwezi tu na la Kiswahili halijui, liandike hivyohivyo.